Bili ya Dola Kitengela: Msaidizi wa Akili Unde Anapokula Faida ya Msanidi Programu

Kazi nyingi za programu katika Kaunti ya Kajiado hazina bango wala mapokezi. Hufanyiwa kwenye bedsitter ya Noonkopir, kwenye saiba ya ghorofani mjini Ngong, kwenye meza ya jikoni Rongai baada ya watoto kulala. Wateja nao ni wa karibu: mwenye hadiwea anayetaka malipo ya tili yaingie moja kwa moja kwenye daftari la mauzo, mwenye nyumba aliyechoka kufuatilia kodi ya wapangaji kwa WhatsApp, chama, shule ya kibinafsi, mwuzaji wa maji ya bauza. Na tangu mamlaka ya ushuru, KRA, ianze kusisitiza ankara za kielektroniki za eTIMS, hata muuza vipuri wa barabara ya Namanga anatafuta mtu wa kumuunganishia mfumo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 172,569 Ongata Rongai, 154,436 Kitengela na 102,323 Ngong. Hii ni miji ya watu waliokimbia kodi za Nairobi bila kuiacha Nairobi yenyewe. Asubuhi hupanda matatu ya 111 au 110 kwenda kazini, jioni wakarudi, na usiku wapo wanaofungua laptopu kwa kazi ya pili. Kazi hiyo ya usiku ndiyo iliyopata msaidizi mpya.

GitHub Copilot ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Juni 2021 na ikaanza kuuzwa kwa umma Juni 2022 kwa dola 10 kwa mwezi. Cursor ikajipatia jina kwa dola 20. Claude Code ya Anthropic ikaja Februari 2025, na Gemini CLI ya Google ikafuata Juni mwaka huo. Msanidi anaeleza anachotaka, na msaidizi anasoma mafaili, anaandika msimbo, anaujaribu, unakataa, anaurekebisha. Kuunganisha Daraja, mlango wa Safaricom wa kuingiza M-Pesa kwenye programu, kulikuwa kukimla mtu usiku kucha akisoma maelezo. Sasa rasimu ya kwanza inakuwa mbele yake kabla chai haijapoa. Wakenya wamezipokea zana hizi kwa mikono miwili: ripoti ya DataReportal ya Julai 2025 iliiweka Kenya kileleni duniani kwa matumizi ya ChatGPT, ambapo asilimia 42.1 ya watumiaji wa intaneti wenye umri wa miaka 16 na zaidi walisema waliitumia mwezi uliotangulia.

Kisichozungumzwa ni bili. Msanidi wa Kitengela anamwandikia mteja kotesheni ya mfumo: muundo, usanidi, mafunzo kwa wafanyakazi, matengenezo ya miezi mitatu. Gharama ya akili unde haimo. Inalipwa kwa dola, kwa kadi, kutoka mfuko uleule unaolipa stima na karo, na mwisho wa mwezi mtu hajui ni kazi ipi iliyokula pesa hizo. Nina neno moja la kusema hapa, na nalisema kwa uzito: gharama hii ni ya kazi ya mteja fulani, ipimwe kwa kila kazi na ionekane kwenye kotesheni. Asiyeipima anamlipia mteja kwa siri.

Tuanze na pesa yenyewe. Kwa kiwango cha takriban Sh129 kwa dola, ambacho shilingi imekaa karibu nacho tangu katikati ya 2024, mpango wa dola 20 ni Sh2,580. Ongeza VAT ya asilimia 16 ambayo sheria ya Kenya inatoza huduma za kidijitali kutoka nje, inakuwa Sh2,993. Mpango wa dola 100 unafika Sh14,964, kiasi kinachozidi kodi ya bedsitter nyingi za Kitengela. Wa dola 200 unakaribia Sh30,000. Na hapo ni pale shilingi inapotulia. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu Sh160, na mtu aliyekuwa akilipa dola 20 zilezile alijikuta akitoa zaidi ya Sh600 juu, bila kuandika hata mstari mmoja wa ziada.

Anthropic yenyewe, katika maelezo yake ya 2025 kwa watumiaji wa Claude Code wanaolipia kwa kipimo, ilikadiria wastani wa dola 6 kwa msanidi mmoja kwa siku, na kwamba asilimia 90 ya watumiaji walibaki chini ya dola 12. Kwa kampuni ya San Francisco hizo ni pesa ndogo. Kwetu, dola 6 kwa siku 22 za kazi ni Sh17,028. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, kilichoanza kutumika Novemba 2024, kilikuwa Sh16,113.75. Wastani wa bili ya chombo kimoja ulimpita mtu mzima anayefanya kazi mwezi mzima kwa mikono yake, kisheria, katika jiji ghali kuliko yote nchini. Nimeirudia hesabu hiyo kuhakikisha, na bado inaniuma.

Mita inavyosoma

Wasaidizi hawa huuzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ada ya mwezi, yenye kikomo ambacho mara nyingi hakionekani mpaka ukigonge. Ya pili ni kulipia kwa tokeni, na hapa mkazi wa Ngong hahitaji mwalimu, kwani amezoea kununua tokeni za stima, kuingiza tarakimu 20 na kuangalia yuniti zikipungua. Tofauti ni kwamba mita ya stima iko ukutani na inaonekana na kila mtu. Mita ya akili unde imefichwa kwenye ukurasa ambao wengi hawajawahi kuufungua.

Tokeni ya akili unde ni kipande cha maandishi: pengine neno zima, pengine silabi, pengine alama ya mabano. OpenAI hukadiria kwamba tokeni 100 za Kiingereza ni maneno 75 hivi. Kuna bei ya kinachoingia, yaani unachomwambia na mafaili anayosoma, na bei ya kinachotoka, yaani anachoandika. Claude Sonnet 4, modeli ya Anthropic iliyotoka Mei 2025, ilitozwa dola 3 kwa kila milioni ya tokeni zinazoingia na dola 15 kwa milioni zinazotoka. Opus 4, ndugu yake mkubwa, dola 15 na 75. Haiku 4.5, ndugu mdogo aliyetoka Oktoba 2025, dola 1 na 5.

Wengi wakisikia hivyo hudhani siri ya kubana matumizi ni kuuliza maswali mafupi. Sivyo. Modeli, yaani akili unde yenyewe, haina kumbukumbu kati ya swali na swali. Kila unapoandika neno jipya, mazungumzo yote tangu mwanzo hutumwa tena: maelekezo ya msingi, mafaili yaliyosomwa, makosa yaliyotokea, majibu yote yaliyopita. Swali la arobaini lenye maneno matano linabeba mgongoni maswali 39 yaliyolitangulia.

Tuweke tarakimu. Chukua mfano wa kazi ya hadiwea: mteja analipa kwa simu, Daraja inatuma ujumbe wa uthibitisho, mfumo unapunguza simenti kwenye stoo na kutoa risiti. Tuseme mazungumzo yanaanza na tokeni 20,000 za maelekezo na mafaili. Kila mzunguko unaongeza tokeni 3,000, na ndani yake 1,000 ni zile msaidizi alizoandika. Msanidi anafanya mizunguko 40 kwenye dirisha moja, kutoka saa mbili usiku mpaka saa saba. Kwa bei ya dola 3 na 15, tokeni zilizoingia zinafika 3,140,000, na bili ni dola 10.02, yaani Sh1,293.

Sasa kazi ileile igawanywe vipande vinne: kupokea malipo, kupunguza stoo, kutoa risiti, kushughulikia malipo yaliyokwama. Kila kipande kina dirisha lake jipya na mizunguko 10. Maswali ni 40 yaleyale, majibu ni marefu vilevile. Tokeni zinazoingia zinashuka hadi 1,340,000, na bili inakuwa dola 4.62, Sh596. Zaidi ya nusu ya gharama ya usiku ule ilikuwa mazungumzo ya risiti yakibeba ugomvi wa stoo uliokwisha kutatuliwa.

Kuna punguzo jingine ambalo kampuni hutoa zenyewe. Sehemu ya mazungumzo isiyobadilika inaweza kuhifadhiwa kwa muda kwenye seva, na kwa bei za Anthropic kuisoma tena hutozwa asilimia 10 tu ya bei ya kawaida, ingawa kuihifadhi mara ya kwanza hugharimu asilimia 25 zaidi. Zana nyingi hufanya hivyo bila kuombwa. Kwa mfano wetu wa mizunguko 40 mfululizo, bili ya dola 10.02 ingeshuka hadi dola 2.01, takriban Sh260. Lakini hifadhi hiyo kwa kawaida hudumu dakika 5 tangu ilipotumika mara ya mwisho. Ukiinuka mwishoni mwa mazungumzo marefu kama yale, ukala, ukarudi na kuuliza swali moja, tokeni karibu 137,000 zinahifadhiwa upya na swali hilo moja linakutoa Sh66 kabla jibu halijahesabiwa. Huku kwetu hali hiyo ni ya kila siku: stima ikipotea Kiserian na modemu ikizima, dakika 5 hupita kabla hujapata hotspoti ya simu. Ushauri wangu ni kwamba mtu akirudi baada ya kukatika, aandike muhtasari mfupi wa alipofikia na kufungua dirisha jipya. Claude Code ina amri ya kufupisha mazungumzo na nyingine ya kuyafuta kabisa. Hizo mbili pekee, zikitumiwa kwa wakati, zina faida kuliko ujanja mwingi unaouzwa kwenye video.

Jambo jingine linalojaza mzigo kimyakimya ni viunganishi. Mtu anamfungia msaidizi wake zana za kusoma hifadhidata, za kufungua kivinjari, za kutuma ujumbe, kisha anasahau. Mara nyingi maelezo ya kila zana hutumwa pamoja na kila swali, hata siku ambayo kazi ni kubadilisha rangi ya kitufe.

Daftari kabla ya mkasi

Nimeona watu wakianza kupunguza kabla ya kupima. Wanahamia modeli ya bei nafuu kwa hasira, inakosea, wanarudia mara sita, na mwishowe wanalipa zaidi. Kupima kuje kwanza, na hakuna ugumu wowote.

Claude Code huandika kumbukumbu ya kila mazungumzo kwenye mafaili ndani ya mashine ya mtumiaji. Kuna programu huria iitwayo ccusage inayosoma mafaili hayo na kutoa jedwali: siku, mwezi, mazungumzo, tokeni zilizoingia, zilizotoka, zilizosomwa kutoka hifadhi ya muda, na makadirio ya dola. Haitumi chochote nje na haina ada. Hata aliye kwenye mpango wa mwezi anaweza kuitumia kujua kama mpango wake unamlipa, kwani inamwonyesha matumizi yaleyale yangegharimu kiasi gani kwa bei ya tokeni. Ikiwa mwezi mzima umekula tokeni za dola 7, ada ya dola 20 ni hasara. Ikiwa ni za dola 90, basi mpango huo umemfaa na aukumbatie.

Kwa anayelipia kwa tokeni, hatua yenye nguvu kuliko zote ni ndogo sana: kila mteja apewe ufunguo wake wa API, yaani msimbo wa siri unaoruhusu programu kuiita modeli. Ufunguo wa hadiwea usitumike kwenye kazi ya shule. Mwisho wa mwezi ukurasa wa matumizi utagawanya bili wenyewe. Majukwaa makubwa huruhusu pia kuweka kikomo cha matumizi, na huuza salio la kulipia kabla. Hapo kuna kitufe kimoja cha kuangaliwa kwa macho mawili: kile cha kujaza salio kiotomatiki. Kizimwe. Mtu anayelipa kwa M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya simuni iliyozinduliwa Juni 2022, ana kinga ya ziada kwa sababu kisichokuwepo kwenye M-Pesa kwa kawaida hakiwezi kukatwa, lakini aliyeweka kadi ya benki yenye mshahara hana kinga hiyo, na msaidizi aliyeachwa akijizungusha kwenye hitilafu usiku hajui kwamba kesho ni siku ya kulipa karo.

Tarakimu zikishapatikana, ziwekwe kwenye daftari la kawaida: mteja, kazi, shilingi. Baada ya kazi chache msanidi atajua kuunganisha Daraja humgharimu kiasi gani cha akili unde, na ripoti ya PDF kiasi gani. Atashangaa pia kuona kinachokula zaidi. Mara nyingi hakitakuwa kuandika msimbo mpya bali kutafuta hitilafu moja ambayo msanidi mwenyewe hakuielewa na kumwachia msaidizi abahatishe.

Kwamba makadirio ya kichwani hudanganya, upo ushahidi. Julai 2025 taasisi ya METR ya Marekani ilitoa matokeo ya jaribio la wasanidi 16 wazoefu waliofanya kazi 246 kwenye miradi huria waliyoifahamu vizuri. Kabla ya kuanza walitarajia akili unde iwaharakishe kwa asilimia 24. Walipomaliza waliamini iliwaharakisha kwa asilimia 20. Saa ilionyesha walichelewa kwa asilimia 19. Ni jaribio dogo, la zana za mwanzoni mwa 2025, na wasanidi wale walikuwa wakongwe kwenye misimbo mikubwa. Kijana anayeanzisha mfumo mpya wa kodi za nyumba pale Bulbul hali yake ni nyingine. Ninachokichukua ni pengo kati ya hisia na saa. Ikiwa wazoefu wale walikosea kukadiria muda wao wenyewe kwa kiasi hicho, hakuna sababu ya kuamini makadirio yetu ya pesa bila daftari.

Bei haikai mahali pamoja

Mwaka 2025 ulitufunza kwamba ada ya mwezi si ahadi ya kudumu. Juni mwaka huo Cursor ilibadilisha mpango wake wa dola 20, kutoka idadi ya maombi hadi salio linalopungua kulingana na bei ya modeli. Watu wakatozwa wasichotarajia, na Julai 4 kampuni iliomba radhi hadharani na kuahidi kurudisha fedha. Mwezi huohuo wa Juni GitHub ilianza kuhesabu maombi ya modeli bora, 300 kwa mwezi kwenye mpango wa dola 10, na senti 4 za dola kwa kila ombi la ziada. Agosti 28 Anthropic nayo ikaanza vikomo vya wiki, ikieleza kwamba kulikuwa na mtumiaji mmoja wa mpango wa dola 200 aliyetumia modeli kwa thamani ya makumi ya maelfu ya dola. Inaonekana kampuni zilikuwa zikiuza chini ya gharama ili zipate watu, na kila bei inapopandishwa kuelekea gharama halisi, msanidi wa Kajiado anaipata ikiwa imezidishwa kwa kiwango cha dola na VAT.

Kwa hiyo anahitaji njia zaidi ya moja. Modeli ndogo ziandike majaribio, ziandike maelezo ya kazi, zibadilishe majina ya safu. Modeli kubwa iitwe kwa kupanga muundo na kwa hitilafu ngumu. Kazi isiyo na haraka, mfano kupanga upya majina ya bidhaa elfu kadhaa za hadiwea, itumwe kwa mafungu: Anthropic na OpenAI zote hukata nusu ya bei kwa kazi inayoweza kusubiri hadi saa 24. Gemini CLI ilipotoka iliruhusu maombi 1,000 kwa siku bila malipo kwa mwenye akaunti ya kawaida ya Google, na kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Africa Nazarene pale Rongai, cha Umma mjini Kajiado au wa tawi la KCA Kitengela, GitHub imekuwa ikitoa Copilot bure kwa waliothibitishwa. Mlango huo hupitwa na wengi wanaostahili.

Kisha kuna modeli za kukaa kwenye mashine yako. Qwen2.5-Coder ya Alibaba, yenye vigezo bilioni 7, hupakuliwa kupitia programu ya Ollama kwa gigabaiti 4.7 na kufanya kazi kwenye laptopu yenye RAM ya gigabaiti 16. Nisiwadanganye wasomaji: haiwezi kubeba mradi mzima kama modeli kubwa, na kwenye mashine isiyo na kadi ya picha hujibu polepole. Lakini kumalizia mstari, kueleza kosa, kuandika ombi la hifadhidata, hayo inayaweza, bila bando, bila dola. Ina faida nyingine pia. Orodha ya malipo ya wateja wa hadiwea ina majina na namba za simu za watu wa Kitengela, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda. Data hiyo haistahili kubandikwa kwenye dirisha la kampuni ya ng'ambo eti kwa sababu modeli yake ni nafuu. Ikiwa lazima irekebishwe kwa akili unde, irekebishwe ndani ya laptopu, au yatumike majina ya kubuni.

Lipo pia suala la lugha yetu, ambalo wachache hulihesabu. Vigawanyaji vya maandishi vilifunzwa zaidi kwa Kiingereza, hivyo sentensi ya Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile. Mwaka 2023 Orevaoghene Ahia na wenzake walichapisha utafiti wa lugha 22 ulioonyesha kwamba wasemaji wa lugha nyingi hutozwa zaidi na huku wakipata majibu duni. OpenAI ilipotoa GPT-4o Mei 2024 ilijivunia kigawanyaji kipya na kutaja lugha 20 kama mfano wa maboresho. Kiswahili hakikuwemo kwenye orodha hiyo. Athari yake ni ndogo kwa anayeandika msimbo mtupu. Kwa anayejenga programu ya kujibu maswali ya wapangaji au wafugaji kwa Kiswahili, kila jibu lina ushuru ambao mwenzake wa London halipi. Simshauri mtu aache Kiswahili kwenye bidhaa yake, hata kidogo. Namshauri aupime ushuru huo na kuuweka kwenye bei, na vyuo vyetu viupime na kuudai upunguzwe.

Maana sisi hatukuja kwenye meza hii mikono mitupu. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walikuwa wakisoma na kuweka alama maandishi ya ukatili ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, kwa malipo ya kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Vijana wa kizazi hichohicho, wengine wakiishi nyumba za kupanga zilezile za Rongai na Kitengela, leo wanauziwa chombo hicho kwa bei moja na mhandisi wa California. Serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025–2030 mwezi Machi 2025, ukitaja miundombinu, data na utafiti. Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013, uko kwenye barabara ya Mombasa, jirani kabisa na Kajiado, na una kituo cha data cha kitaifa. Kama mkakati huo una maana kwa msanidi mdogo, mahali pa kuanzia panajulikana: seva ya umma inayoendesha modeli huria za kuandika msimbo, inayolipiwa kwa shilingi, kwa M-Pesa, na iliyo wazi kwa wanafunzi wa vyuo vya kaunti hii na kwa anayefanya kazi peke yake. Kaunti ya Kajiado nayo iulize swali hilo kwa sauti, isingoje Nairobi.

Kwa wateja nina ombi. Ukipokea kotesheni yenye mstari wa huduma ya akili unde, Sh600 au Sh1,500, usidhani unaibiwa. Anayekuonyesha ndiye anayejua gharama zake, na mwaka ujao bado atakuwepo kurekebisha mfumo wako. Muulize tu amepimaje.

Na wewe msanidi, kabla ya kuandika kotesheni nyingine, fungua ukurasa wa matumizi, chukua bili ya mwezi uliopita, igawe kwa kazi ulizowakabidhi wateja, zidisha kwa kiwango cha dola cha leo pamoja na VAT, kisha uandike kiasi hicho mahali mteja atakiona.